Taa za projekta: Kwa nini gari la Japani linampofusha dereva wa Bujumbura

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Ukisimama jioni kandokando ya barabara ya taifa namba 7 pale Musaga, kusini mwa jiji la Bujumbura, utayaona magari yanayoteremka kutoka Ijenda yakikutana na yale yanayopanda mlima. Madereva wengi wameweka dimu, au kode kama wasemavyo wenyeji kwa Kifaransa chao. Hata hivyo anayepanda anakunja uso, anainua mkono mbele ya macho, na mara nyingine anapiga fulu kwa hasira akidhani mwenzake amesahau kushusha taa. Mwenzake naye anashangaa, kwa sababu taa ameshazishusha.

Wengi hulaumu ukali wa taa za siku hizi. Lawama hiyo ina ukweli kidogo, lakini katika nchi kama Burundi tatizo kubwa zaidi ni upande. Taa nyingi zilizoko barabarani zilitengenezwa kwa ajili ya nchi ambako watu huendesha kushoto, nazo zinatumika katika nchi ambako watu huendesha kulia. Kwa mfanyabiashara wa magari yaliyotumika na kwa msafirishaji anayevuka mipaka, jambo hili linafaa kueleweka kabla ya kutoa fedha.

Dimu ina upande wake

Dimu haimulikii pande zote sawa. Ukiwasha taa mbele ya ukuta utaona mstari unaotenganisha mwanga na giza. Upande wa magari yanayokuja, mstari huo umelala chini ili usiwafikie madereva machoni. Upande wa ukingo wa barabara unapanda kwa pembe ya nyuzi 15 hivi, ili dereva aone waendao kwa miguu, alama za barabarani na gari lililoharibika pembeni.

Japani huendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa hiyo taa ya gari la Japani inapandisha mwanga kushoto. Lilete gari hilo Bujumbura, ambako ukingo wa barabara uko kulia na magari yanayokuja yako kushoto, na ule mwanga uliokusudiwa kwa waenda kwa miguu unaelekezwa kwenye kioo cha mwenzako.

Hesabu yake si ngumu. Chukua gari dogo ambalo taa zake ziko sentimita 70 kutoka ardhini, na zimelengwa vizuri, yaani mwanga unashuka sentimita 1 kwa kila mita 1 ya mbele. Mita 30 mbele, mstari umeshuka sentimita 30. Lakini kwa nyuzi 15, kila mita 1 ya kushoto inaupandisha sentimita 27 hivi. Dereva anayekuja yuko kama mita 3 kushoto kwako, kwa hiyo mstari umepanda sentimita 80. Toa 30 zilizoshuka, jumlisha 70 za urefu wa taa, unapata mita 1.2. Hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa gari dogo. Na hiyo ni barabara tambarare na gari lisilo na mzigo. Pakia magunia nyuma, pua ya gari ikainuka kidogo, hesabu inakuwa mbaya zaidi.

Mpaka unapogeuza upande

Msafirishaji wa ukanda huu hubadilisha upande mara nyingi kuliko anavyofikiri. Lori likitoka Dar es Salaam kwa njia ya Nyakanazi na Ngara, linabadilisha upande kati ya Kabanga na Kobero. Kwa njia ya Kigoma ni kati ya Manyovu na Mugina. Kuingia Rwanda ni Rusumo kwa upande wa Tanzania, na Gatuna au Kagitumba kwa upande wa Uganda. Kuingia Kongo kutoka Uganda ni Bunagana au Kasindi, na kutoka Zambia ni Kasumbalesa. Kati ya Bujumbura na Uvira hakuna mabadiliko, kwani nchi zote mbili huendesha kulia.

Katika vituo hivyo dereva hukaguliwa hati za mzigo, bima na muhuri wa forodha, kisha anahama upande wa barabara na kuendelea na safari. Taa zake hazihami. Na tusielekeze kidole upande mmoja tu: lori la Burundi lenye usukani wa kushoto na taa za kulia, likiingia Tanzania usiku, linampofusha dereva wa Kahama vilevile.

Ulaya waliona tatizo hili zamani. Dereva wa Uingereza anayevuka bahari kwenda Ufaransa hutakiwa kurekebisha taa zake zisiwaumize macho madereva wa huko, na vibandiko vya kazi hiyo huuzwa madukani na hata ndani ya feri. Rwanda ilichagua njia nyingine, ilipopiga marufuku kuingiza magari ya usukani wa kulia mwaka 2005. Burundi haikufuata njia hiyo, na sababu ya kiuchumi inaeleweka: gari la Japani lililotumika ni la bei nafuu, linadumu, na vipuri vyake vinapatikana. Lakini sehemu ya unafuu huo inalipwa na mtu ambaye hakununua gari. Mwenye taa mbaya anaona barabara yake vizuri tu. Anayepofushwa ni mwingine, na ndiyo maana mwenye gari hana haraka ya kwenda kwa fundi.

Ndani ya projekta kuna nini

Projekta ni ile taa yenye jicho la duara la kioo kilichotuna, tofauti na rifleta ya zamani ambayo ni bakuli linalong'aa lenye balbu katikati. Nyuma ya jicho hilo kuna balbu, nyuma ya balbu kuna kioo cha kuakisi, na kati ya balbu na lenzi kuna kibati chembamba kilichosimama wima. Ukingo wa juu wa kibati hicho ndio unaochora mstari wa mwanga na giza unaouona ukutani.

Mafundi wengi wanakosea hapa. Lenzi inageuza picha juu chini na kulia kushoto. Kibati kinazuia mwanga wa chini, na barabarani giza linatokea juu. Kwa hiyo, ukiangalia kwa mwelekeo wa gari, taa inayopandisha mwanga kushoto ina kibati kilichokatwa pembe upande wa kulia. Fundi asiyejua hili hufungua taa, anaona upande mmoja wa kibati umesimama juu kuliko mwingine, anachukua tupa na kuusawazisha kwa kuupunguza. Matokeo yake mwanga unapanda pande zote mbili. Gari lililokuwa linapofusha upande mmoja sasa linapofusha pande mbili, na kibati kilichokatwa hakirudi.

Kinachotakiwa ni kuongeza. Ile pembe iliyokatwa inazibwa kwa kipande cha bati hadi ukingo wote uwe mstari mmoja ulionyooka. Bati liwe la chuma chembamba au alumini, lishikwe kwa ribiti ndogo au kuchomelewa kwa nukta. Plastiki haifai kabisa, na gundi ya kawaida nayo haifai, kwa sababu joto la ndani litaiyeyusha na moshi wake utaiachia lenzi ukungu usiofutika.

Je, mwenye gari anapoteza nini? Kwa anayeendesha Burundi, karibu hapotezi kitu. Upande wake wa kulia mstari ulikuwa umelala tangu mwanzo, na utabaki ulivyo. Kinachoondoka ni mwanga uliokuwa ukienda kwa watu wa upande wa pili. Msafirishaji anayeshinda akivuka mpaka atanufaika zaidi, maana mstari ulionyooka hauna upande: unafaa Kobero na unafaa Kabanga.

Anayetaka kuona vizuri ukingo wa kulia itabidi aende mbali zaidi, aweke kibati cha toleo la usukani wa kushoto la gari lilelile, au taa nzima za toleo hilo. Kugeuza kibati cha zamani nyuma mbele ni jaribio linalovutia lakini halifanikiwi mara nyingi, kwa kuwa kibati chenyewe kimepinda kidogo kufuata lenzi. Ukikigeuza, mpindo unakaa kinyume na ukingo wa mwanga unapoteza ukali wake. Wengine hufikiri wakihamisha taa ya kushoto kwenda kulia wamemaliza. Taa hiyo haitaingia kwenye bodi, na hata kama ingeingia, taa zote mbili za gari hupandisha mwanga upande uleule.

Kabla ya kufungua, hakikisha fundi anajua kufunga. Taa huzibwa kwa gundi nyeusi laini ya mpira ambayo hulegea kwa joto la wastani. Moto ukizidi, plastiki inapinda. Gundi ikirudishwa vibaya, mvua ya kwanza itajaza maji, na vumbi la barabara likiingia kioo cha kuakisi kinakufa. Kuna pia projekta ambazo kibati chake hushuka kwa sumaku ya umeme pale dereva anapopiga fulu. Hapo bati la kuongeza liwe jepesi sana, na fulu ijaribiwe mara nyingi kabla taa haijafungwa.

Utepe na balbu

Katika rifleta zenye kioo cha mistari, utepe mweusi hufanya kazi, kwa sababu kila sehemu ya kioo hutupa mwanga mahali pake. Ziba sehemu inayotupa mwanga kushoto, na mwanga ule unaondoka. Katika projekta mambo ni tofauti. Kila sehemu ya lenzi hushiriki kuchora picha yote. Ukibandika utepe robo ya lenzi, mwanga wote unapungua na ule mstari unaopanda unabaki palepale. Dereva anaona vibaya na bado anapofusha wenzake.

Kuhusu balbu, zile za LED na zenoni zinazouzwa kwa kuchomekwa mahali pa balbu ya kawaida ndizo zinazoharibu zaidi, hasa ndani ya rifleta. Bakuli lilichorwa kwa uzi wa balbu ya H4 yenye wati 60 na 55, ulio mahali maalumu. Chanzo kingine cha mwanga chenye umbo tofauti kinatawanya mwanga ovyo. Ndani ya projekta kibati angalau kinasaidia, lakini kama kibati chenyewe ni cha upande usio sahihi, balbu kali inaongeza tu kinachoingia machoni mwa mwenzako.

Jaribio la ukuta

Tafuta uwanja tambarare na ukuta, simamisha gari mita 10 mbali, tairi zikiwa na upepo sahihi na mzigo wa kawaida ndani. Weka alama ukutani kwenye urefu wa katikati ya taa. Washa dimu, kisha funika taa moja uiangalie nyingine. Sehemu iliyolala ya mstari inapaswa kuwa sentimita 10 hadi 15 chini ya alama kwa gari dogo, na 15 hadi 20 kwa lori ambalo taa zake zinazidi mita 1 kutoka ardhini. Kisha angalia mstari unapanda upande gani. Ukipanda kushoto, taa ni ya Japani, Tanzania au Uingereza. Ukipanda kulia, ni ya Burundi.

Taa zenye alama ya herufi E ndani ya duara husema zenyewe. Mshale unaoelekea kulia kwako ukiwa umesimama mbele ya gari ni wa taa za kuendesha kushoto. Mshale wenye vichwa viwili ni wa pande zote, na pasipo mshale taa ni ya kuendesha kulia. Taa nyingi za soko la ndani la Japani hazina alama hiyo, hivyo ukuta ndio wa kuaminiwa.

Kwa dereva aliyefika Kobero magharibi na hana fundi, liko jambo moja la haraka: gurudumu dogo la kushusha taa kwenye dashibodi, lenye namba 0 hadi 3 kwa magari mengi. Likipelekwa 1 au 2 taa zinashuka. Ataona karibu zaidi, kwa hiyo apunguze mwendo, hasa kwenye milima ya Kayanza na Bugarama ambako kila kona ni mkutano wa taa. Asiye na gurudumu hilo atumie bisibisi nyuma ya taa, ahesabu mizunguko, na airudishe akivuka tena.

Na kwa anayeagiza gari, iwe kutoka Japani au Dubai: usukani uliohamishiwa kushoto haumaanishi kwamba taa nazo zimehamishwa. Muuzaji anayeweza kutuma picha 20 za bodi na injini anaweza kutuma na ya 21, gari likiwa limewasha dimu usiku mbele ya ukuta. Iombe kabla ya kulipa, kwa sababu gari likishafika bandarini gharama ya taa ni yako.