Obokano Isikike Hata Kwenye Redio Ndogo

Wimbo uliorekodiwa Kisii na kupelekwa kwa kituo cha Ekegusii kama Egesa FM haumfikii msikilizaji kupitia spika kubwa za studio. Humfikia mchuma chai wa Nyamira kwenye simu, au mchongaji wa Tabaka kwenye redio ya spika moja isiyozidi upana wa kiganja. Fundi anayechanganya sauti anamfanyia kazi huyo, na kinachompita mara nyingi ni obokano.

Ala hii ya Abagusii yenye nyuzi nane ina sauti nzito mno. Tuseme uzi mmoja unatoa 80 Hz. Spika ndogo haitoi cha maana chini ya 200 Hz hivi, kwa hiyo hata ukijaza besi studioni, nyumbani hakiongezeki kitu. Lakini uzi haulii kwa sauti moja tu. Juu ya 80 kuna 160, 240, 320 na kuendelea, pamoja na ule mvumo wa kukwaruza unaoitambulisha obokano. Sikio likizipata hizo za juu, lenyewe hukamilisha ile ya chini ambayo spika imeshindwa kuitoa. Ndiyo maana napunguza gitaa na kinanda kati ya 250 na 800 Hz, obokano ipate pa kupumulia. Mvumo siugusi. Anayeusafisha akidhani ni kelele ameiua ala.

Redio ya spika moja pia hujumlisha kushoto na kulia. Hata zile za stirio, mawimbi yakidhoofika mabondeni, nyuma ya vilima kama vya Manga, nyingi hurudi mono ili kupunguza mchakacho. Sasa mtu aliyetanua sauti za waitikiaji kwa kugeuza upande mmoja kinyume cha mwingine amewapoteza kabisa: pande hizo zikikutana, zinafutana. Sikiliza miksi yako kwa mono kabla hujaitoa.

Kuna na ukali. Mtambo wa FM hupandisha sauti nyembamba kabla ya kuzirusha, kisha redio huzishusha tena, ili mchakacho ushuke nazo. Kayamba au "s" ya mwimbaji ikiwa kali kupita kiasi, kidhibiti cha sauti cha kituo huikamata na wimbo mzima hunywea kwa nukta hiyo.

Kidhibiti hichohicho hubana kila wimbo ili zote zilingane. Ukiubana wako studioni hadi ukawa bapa, utabanwa mara ya pili: ngoma zitapoteza mshindo, na pumzi za mwimbaji zitapanda hadi kukaribia maneno yake. Naomba sana, acheni nafasi. Na mpeleke WAV kwa flashi, si MP3 iliyokwisha kubanwa. Sauti nyembamba zilizotupwa humo hazirudi, na mvumo wa obokano nao una sehemu yake katika hizo.