Freni mpya, gari la zamani: yale tuliyojifunza kabla ya mteremko wa Kibumba

Tulipofika kwenye depo ya koperative moja ya wakulima upande wa Rutshuru, magunia ya maharagi yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na paa. Nje, pikapu ya koperative ilikuwa imesimama juu ya magogo, bila magurudumu ya mbele. Sisi tulikuja kuzungumza juu ya kuhifadhi mavuno ya msimu A, lakini siku hiyo hakuna aliyetaka kusikia habari ya wadudu wa maharagi.

"Muanze na ile kwanza," mama mmoja wa komite alituambia, akionyesha gari. "Tuliinunulia freni mpya na feza ya wamemba. Sasa iko mubaya kuliko mbele."

Tulikaa nao siku mbili. Haya tunayoandika hapa tumeyaona pale, na tunadhani koperative nyingi zenye gari la zamani zitapata faida.

Barabara yenyewe

Kutoka Rutshuru mpaka Goma ni kama kilomita 70 kwa barabara ya kitaifa namba 2. Unapita Rumangabo na Rugari, unapanda mpaka Kibumba, kisha unateremka kupitia Kibati mpaka mjini. Kwa hiyo mzigo unaoenda soko la Goma unateremka mwishoni, wakati gari limekwisha kuchoka na shofere pia. Na ukirudi na mbolea ao sabuni na chumvi, Kibumba inakuteremsha tena upande mwingine. Gari lisilo na freni nzuri haliwezi kukwepa: njia zote mbili zina mteremko.

Pikapu hiyo ni Toyota Hilux ya miaka ya 1980. Mbele ina disiki, nyuma ina tamburi. Komite iliona kwamba freni za mbele zinachoka zikipata moto, basi ikanunua Goma piesi za okazio kutoka kwa Hilux ya miaka ya karibuni: disiki nene, na vile vikamata disiki ambavyo mafundi wetu wanaita etrie, vyenye pistoni kubwa zaidi. Wazo halikuwa baya. Disiki nene inabeba moto mwingi kabla ya kuchoka. Tatizo lilikuwa kudhani kwamba freni ni piesi ya gurudumu tu. Freni ni jamaa nzima: pedali, kisaidizi, pampu, mipira, etrie, na tamburi za nyuma. Ukileta mgeni mwenye nguvu katika jamaa hiyo, wengine wote wanapaswa kukubaliana naye.

Shida ya kwanza: pedali inazama

Baada ya kufunga piesi, pedali ilikuwa inashuka karibu na sakafu. Ukiipampu mara mbili tatu, inapanda. Fundi alitoa hewa mara tatu, akamaliza chupa mbili za mafuta ya freni, na hali ikabaki ile ile.

Fundi mwingine, muzee aliyeitwa kutoka Kiwanja, hakushika ufunguo wowote kwanza. Aliinama tu, akaangalia etrie. Skrubu ya kutolea hewa ilikuwa upande wa chini.

"Ya kushoto mumeweka kuume, na ya kuume kushoto," alisema. "Hewa inapanda juu. Mutaitoa namna gani na tundu iko chini?"

Ni kosa la kawaida, kwa sababu etrie hizo zinaingia pande zote mbili bila kugoma. Zilibadilishwa, hewa ikatoka, pedali ikapanda kidogo. Lakini bado ilikuwa chini.

Hapo muzee alitufundisha kusoma pedali kwa mguu, injini ikiwa inawaka:

Pedali ikiwa laini kama sponji na inapanda ukiipampu, kuna hewa ndani.

Ukiikanyaga na kuishikilia, nayo inaendelea kushuka polepole, kuna mahali mafuta yanavuja. Tazama kila gurudumu na kila kiungo. Kama pote ni pakavu, raba za ndani ya pampu zimekwisha.

Pedali ikiwa ngumu lakini inashika chini sana, hakuna hewa. Ama garnitiri za nyuma ziko mbali na tamburi, ama pampu ni ndogo kwa kazi iliyopewa.

Ya koperative ilikuwa ya tatu. Muzee alikaza kwanza garnitiri za nyuma, kwa sababu kukaza hakuombi feza. Alizungusha kila gurudumu mpaka likaanza kugusa kidogo, akarudisha nyuma kidogo. Pedali ikapanda tena, lakini haikutosha kwa gari la kubeba mzigo.

Kikombe kidogo, bidoni kubwa

Pistoni kubwa inahitaji mafuta mengi ili isukume plaketi. Pampu ya zamani ilitengenezwa kwa pistoni ndogo. Ni sawa na kujaza bidoni ya litre 20 kwa kikombe kile kile ulichozoea kujazia ya litre 10: utachota mara nyingi zaidi. Ndiyo maana pedali inakwenda mbali.

Pampu ya zamani ilikuwa na tundu la inchi 7/8, yaani milimita 22 hivi. Walitafuta ya inchi 1, milimita 25 na kidogo. Tofauti inaonekana ndogo, lakini pampu hiyo inasukuma mafuta karibu asilimia 30 zaidi kwa mwendo ule ule wa mguu. Jambo moja la kukumbuka: pampu kubwa inafanya pedali iwe ngumu zaidi. Ukizidisha ukubwa bila sababu, shofere atakanyaga kwa nguvu zake zote na gari litasimama kwa shida. Pima tundu la pampu uliyo nayo, na uulize gari lililotoa zile etrie lilikuwa na pampu ya kipimo gani. Usinunue kwa macho.

Shida ya pili: gari linajifunga lenyewe

Pampu mpya ilifungwa, pedali ikawa juu na ngumu. Vijana walipiga makofi. Mwenyekiti alisema magunia yaanze kupakiwa, kwa sababu mnunuzi wa Goma alikuwa amekwisha kupiga simu mara mbili. Muzee alikataa. "Kwanza tutembee na gari tupu," alisema.

Tulipanda naye. Baada ya kilomita chache gari likaanza kuwa zito, kama linavuta kitu nyuma. Tuliposimama, harufu ya plaketi kuungua ilitufikia hata kabla ya kufungua mlango, na magurudumu ya mbele yalikuwa na moto wa kutoweza kuyakaribia. Kama gari lingekuwa limebeba maharagi na watu juu yake, lingefika kwenye mteremko wa Kibati na freni zilizokwisha kuungua.

Muzee alifuata hatua hizi, na inafaa kila shofere azijue. Uziandike ukutani kwenye depo.

Moja: inua gurudumu lililojifunga, ufungue kidogo skrubu ya kutolea hewa. Gurudumu likibaki limeshikwa, pistoni ya etrie imeganda kwa kutu. Likiachia, basi mafuta yamefungiwa ndani na hayawezi kurudi.

Mbili: funga skrubu, kanyaga pedali mpaka gurudumu lishikwe tena, kisha legeza kidogo nati zinazoshika pampu kwenye kisaidizi. Gurudumu likiachia sasa, kosa liko katikati ya pampu na kisaidizi.

Tatu: kama bado halijaachia, tazama mpira wa freni. Mpira wa zamani unaweza kuvimba ndani: unapitisha mafuta kwa nguvu ya mguu, lakini hauyarudishi. Tazama pia kama pampu uliyonunua ni ya gari lenye tamburi mbele. Nyingine zina valvu ndogo ya kubakiza nguvu kwenye bomba, na disiki haitaki hiyo.

Gari letu liliachia kwenye hatua ya pili. Kijiti cha kisaidizi kinachosukuma pampu kilikuwa kirefu mno kwa pampu mpya. Hata mguu ukiwa umetoka, kilikuwa kinasukuma kidogo na kuziba tundu dogo linalorudisha mafuta kwenye kopo. Mafuta yakipata moto yanapanuka, hayana pa kwenda, basi freni inajikaza, moto unazidi, inajikaza zaidi. Muzee alifupisha kijiti kwa kuzungusha nati ya kwenye ncha yake, akaacha nafasi ndogo sana, chini ya milimita 1. Kazi ya nusu saa.

Mambo mawili mengine yaliyosahauliwa

Karibu na ekseli ya nyuma, pikapu nyingi za aina hii zina valvu yenye mkono wa chuma. Mzigo ukishusha bodi, valvu inaruhusu freni za nyuma zipate nguvu zaidi. Koperative ilikuwa imeongeza majani ya springi ili gari lisilale, basi bodi haikushuka tena, na valvu ilidhani gari liko tupu kila siku. Ukiongeza springi, rekebisha na mkono huo.

La pili ni mafuta. Tumia DOT 3 ao DOT 4 kutoka chupa iliyofungwa. Usitie kamwe mafuta ya injini, hata kidogo: yanavimbisha raba zote. Na usirudishe yale yaliyotoka wakati wa kutoa hewa. Mafuta ya freni yanavuta maji kutoka hewani. DOT 3 mpya inapaswa kuvumilia nyuzi 205 kabla ya kuchemka, lakini ikiisha kunywa maji kipimo chake ni 140 tu. Ikichemka kwenye mteremko, inakuwa mvuke, na pedali inazama mara moja.

Magunia yalingoja

Jioni hiyo komite ilikutana. Mwenyekiti alisema wazi kwamba wamemba wanangojea feza za shule. Yule mama wa komite akamjibu: "Papa, maharagi ikichelewa siku mbili, ingali maharagi. Mutu akianguka, tutamwambia nini bibi yake?"

Walikubaliana hivi: gari litembee tupu siku moja na kusimama mara nyingi kwenye tambarare ili plaketi zizoee disiki, kesho yake nusu ya mzigo, halafu mzigo kamili, bila mtu juu ya magunia. Baada ya kila safari, shofere anakaribisha mkono kwenye kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na moto kuliko mwenzake, gari halitoki. Na kuteremka ni kwa vitesi ile ile ambayo ungeitumia kupanda, ili injini isaidie freni.

Waliamua pia kwamba neno la mwisho juu ya kutoka ao kubaki ni la shofere, si la mwenyekiti wala la mnunuzi. Hilo liliandikwa kwenye kitabu cha mikutano, na wote wakatia sahihi.

Siku ya nne magunia yalifika Goma. Bei ilikuwa ile ile.