Simu ya Mkononi na Kompyuta ya Mezani: Mgawanyo wa Kazi za Maandishi Mtaani Kikula, Likasi

1.0 Utangulizi

Tangu simu ya mkononi ilipoanza kubeba intaneti, watu wengi wamekuwa wakiuliza kama kompyuta ya mezani imefikia mwisho wa maisha yake. Takwimu za dunia zimewapa nguvu wale wanaojibu kwamba ndiyo. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2010, kwa hesabu za kampuni ya IDC, simu za kisasa zilizopelekwa sokoni zilikuwa milioni 100.9, ilhali kompyuta, za mezani na za mpakato kwa pamoja, zilikuwa milioni 92.1. Mnamo Oktoba 2016 kampuni ya StatCounter ilionyesha kwamba kwa mara ya kwanza kurasa za intaneti zilifunguliwa zaidi kwa simu na vibao, yaani asilimia 51.3, kuliko kwa kompyuta.

Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kutoka Kikula, mojawapo ya komuni nne za mji wa Likasi katika mkoa wa Katanga ya Juu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Komuni nyingine ni Likasi yenyewe, Panda na Shituru. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba swali likiulizwa kwa jumla halina jibu. Lina jibu pale tu kila kazi inapochunguzwa peke yake. Aidha itaonyeshwa kwamba kwa wasemaji wa Kiswahili cha Katanga jambo hili si la ufundi tu, bali linahusu pia hatima ya maandishi yao.

2.0 Maana ya chombo kuchukua nafasi ya kingine

Chombo kipya huchukua nafasi ya cha zamani kinapoweza kufanya kazi zote za kile cha zamani, kwa gharama au taabu ndogo zaidi. Kikifanya baadhi tu ya kazi hizo, vyombo hivyo viwili hugawana kazi. Historia ya Likasi ina mifano ya hali zote mbili.

Mji huu, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ulikua kwa shaba ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 na ambayo mali zake zilitaifishwa na serikali mwaka 1967 na hatimaye kuwa za Gécamines. Katika mji wa kampuni, maandishi yalikuwa kazi ya ofisi: daftari la mishahara, kadi ya mfanyakazi, barua ya karani. Mashine ya kupigia chapa ilikuwa chombo cha mwajiri. Kompyuta ilipofika, iliirithi meza ya mashine hiyo, nayo ikaja kuiondoa kabisa, kwa kuwa iliweza kufanya kila ilichofanya mashine na zaidi.

Mawasiliano ya mbali yalikuwa na historia tofauti. Simu za waya za shirika la posta zilizorota pamoja na dola katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mobutu. Wakati huohuo haja ya kupashana habari ilizidi, hasa baada ya mwaka 1992 na 1993, wakati maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga na familia nyingi za Likasi kutawanyika. Pengo hilo lilizibwa na barua zilizobebwa na wasafiri na pia na redio ya mawimbi, iliyojulikana kwa jina la Kifaransa, phonie: mtu alilipa, akangoja zamu, akasema habari zake za nyumbani huku wageni wakimsikiliza.

Simu ya mkononi ilikuwapo nchini mapema. Kampuni ya Telecel, iliyoanzishwa na Miko Rwayitare mwaka 1986, ilikuwa miongoni mwa za kwanza barani Afrika, lakini huduma yake ilikuwa ya mawaziri na matajiri. Ni baada ya kuingia kwa Celtel mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002 ndipo simu ilipowafikia watu wa kawaida. Hapo simu za waya na phonie zilipoteza wateja wao mijini. Nafasi ilichukuliwa kweli, kwani kazi zote za vyombo vile ziliweza kufanywa na simu, tena kwa faragha.

3.0 Umeme na madini

Tofauti ya kwanza kati ya kompyuta ya mezani na simu ni chakula chake. Kompyuta hula umeme wa ukutani kwa muda wote inapofanya kazi. Umeme ukikatika, nayo huzimika, na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Simu hula akiba. Ikishashibishwa mara moja, huweza kukaa saa nyingi bila waya.

Kwa mkazi wa Kikula tofauti hiyo ni kubwa. Likasi iko karibu na maporomoko ya mto Lufira, ambako kituo cha umeme cha Mwadingusha kilijengwa mnamo mwaka 1930 na kile cha Koni mnamo 1950. Tangu miaka ya 1980 Katanga hupokea pia umeme wa Inga kupitia waya wa takriban kilomita 1,700. Lakini vituo hivyo na waya huo vilikusudiwa kwanza viwanda na migodi. Mitaa ya makazi imezoea mgawo, na neno délestage halihitaji kufasiriwa hapo. Mwenye simu hungoja umeme urudi, au huipeleka simu yake kwa mtu anayelipwa ili kuchaji simu za wenzake. Mwenye kompyuta hana budi kununua jenereta na mafuta yake.

Ni vema kukumbuka pia kwamba akiba ya umeme ndani ya simu hutegemea madini. Betri za lithiamu-ioni, zilizoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, zilitengenezwa kwa kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia sasa huchimbwa Kongo. Viwanda vya Shituru, katika mji huohuo wa Likasi, vimesafisha shaba na kobalti kwa miongo mingi. Hivyo uhuru wa simu kutoka kwenye waya umetokana kwa kiasi fulani na ardhi ya Katanga, ingawa mchimbaji wa mkono anayenunua simu hununua bidhaa iliyotengenezwa mbali na kwake.

4.0 Mgawanyo wa kazi

Katika nchi tajiri, swali ni kipi kati ya vyombo viwili vilivyomo nyumbani kitabaki. Kikula swali hilo halikai sawa, kwa sababu katika nyumba nyingi kompyuta haikuwahi kuingia. Ilijulikana kama chombo cha ofisini, au cha dukani, ambacho mtu hukiendea na kulipia. Kwa hiyo simu haikuifukuza kompyuta nyumbani. Ilikuwa ndiyo kompyuta ya kwanza ya nyumba hiyo.

Duka la intaneti, lililoenea katika miji ya Kongo mwanzoni mwa karne hii, lilikuwa la kwanza kuathirika. Watu walikwenda huko kusoma barua pepe na kutafuta habari. Simu ilipoweza kufanya hayo, wateja walipungua. Vivyo hivyo kwa fedha: tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kongo mwaka 2012, mtu hutuma na kupokea fedha kwa wakala aketiye chini ya mwavuli, bila kuingia benki.

Lakini liko duka lingine ambalo simu haikuliua, nalo ni lile la kuchapishia maandishi, liitwalo secrétariat public. Humo mna kompyuta ya mezani, mashine ya kuchapa na ya kurudufu. Mwanafunzi anayetakiwa kuwasilisha tasnifu yake huweza kuianza katika simu: husoma humo, hunukuu humo, hata huandika aya nzima kwa vidole gumba. Hata hivyo inapofika wakati wa kupanga sura, kutia majedwali, kuweka nambari za kurasa na kutoa nakala za karatasi zitakazofungwa na kutiwa sahihi, huiendea kompyuta. Barua ya kuomba kazi, hati ya mauzo ya kiwanja na mualiko wa arusi hupita njia hiyohiyo. Sababu ni mbili. Kioo kidogo hakionyeshi umbo la maandishi marefu. Na ofisi bado hudai karatasi yenye muhuri.

Inabainika basi kwamba mpaka hauko kati ya chombo cha kale na cha kisasa. Uko kati ya maandishi yanayopita na maandishi yanayokaa.

5.0 Maandishi yanayopita na Kiswahili cha Katanga

Hapa ndipo suala hili linapowagusa wanaoshughulikia lugha. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, lakini shuleni na ofisini Kifaransa ndicho kinachotawala, na vitabu vya Kiswahili vilivyoletwa na misheni vilifuata lugha iliyo karibu na sanifu. Lugha ya nyumbani Kikula ni tofauti. Husemwa muntu na bantu badala ya mtu na watu, mayi badala ya maji, moya badala ya moja, mu nyumba badala ya nyumbani. Kwa muda mrefu lugha hiyo ilisikika kila mahali na kuandikwa kwa nadra.

Simu imelibadili hilo. Kila siku watu wasiohesabika huandikiana kwa lugha yao yenyewe, wakichanganya Kifaransa wapendavyo na kuamua tahajia kwa sikio. Hata hivyo faida hiyo ina kasoro tatu. Kwanza, programu za kukisia maneno zilizomo katika simu hutegemea Kifaransa au Kiswahili sanifu, na huweza kulisahihisha neno lisilohitaji kusahihishwa. Pili, tangu WhatsApp ilipoleta ujumbe wa sauti mwaka 2013, aonaye taabu kuandika huweza kusema tu. Tatu, simu ikiibwa au ikivunjika, mara nyingi hufa na kila kilichoandikwa ndani yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kinyume chake ni mfano wa mwaka 1965. Mwaka huo chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kilitoa historia ya mji iliyoandikwa na André Yav katika Kiswahili cha Katanga, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ilipigwa chapa kwa mashine na kurudufiwa kwenye karatasi za kawaida. Mwandishi hakufuata tahajia ya shule. Lakini kwa kuwa nakala zilikuwapo, Johannes Fabian aliweza kuichapisha na kuifafanua mwaka 1990, na leo ni miongoni mwa matini muhimu zaidi za lugha hiyo. Iwapo Yav angeiandika katika chombo kimoja kisicho na nakala, huenda lisingebaki hata neno moja.

6.0 Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba Kikula simu imekwisha kuchukua nafasi ya phonie na ya duka la intaneti. Haijachukua nafasi ya kompyuta ya mezani katika kupanga, kuchapa na kuhifadhi maandishi, na haitaichukua maadamu ofisi zinadai karatasi na kioo ni kidogo. Mambo hayo mawili yakibadilika, jibu nalo litabadilika.

Kwa wanaisimu wajibu ni wa sasa. Matini za Kiswahili cha Katanga zinazoandikwa leo ni nyingi kuliko za wakati wowote uliotangulia, na karibu zote zimo katika vyombo visivyodumu. Idara za lugha za vyuo vikuu vya Likasi na Lubumbashi zingefaa kukusanya, kwa idhini ya wenyewe, barua, masimulizi na sauti kutoka katika simu, kuzihamishia kwenye kompyuta na kuzitolea nakala za karatasi. Kazi hiyo haihitaji mitambo mikubwa. Kibanda cha uchapaji kilichopo mtaani kinatosha kuianza, siku umeme unapokuwapo.