Majina ya Samaki na Agizo la Munganga



Katika kazi ya uuguzi tunaona mara nyingi agizo zuri likipotea njiani, kati ya hospitali na soko. Munganga anamwambia mama, "Mpikie mtoto dagaa." Mama anaitikia kwa adabu, anafika sokoni, anauliza dagaa, na mwuzaji anamjibu kwamba hana. Kumbe wako mbele yake, wamejaa beseni! Lakini mwuzaji yule anawaita fretin, au ndakala, au kapenta, kwa maana ndivyo walivyoitwa kule alikotoka. Mama anarudi na majani ya sombe peke yake, na mtoto anaendelea kukonda.

Haishangazi kwamba jambo hili limezidi hapa kwetu. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, na tangu hapo watu wamefika kutoka kila upande: wasemaji wa Kisanga, Kiluunda, Kicokwe, Kiluba na Kibemba, watu wa Kasai, na siku hizi watu wa Kivu na madereva wa malori kutoka Zambia na Tanzania. Kila mmoja alileta jina la samaki wa mto wa kwao. Na samaki wenyewe nao ni wasafiri. Wengine hutoka Bukama na maziwa ya Upemba, wamekaushwa kwa moshi, wengine Kasenga kwenye Luapula, wengine Kalemie, na wengine wamevuka mpaka wa Kasumbalesa ndani ya magunia au katika barafu. Samaki mmoja hupewa majina matano, na jina moja hupewa samaki watano.

Tuanze na hao wadogo, kwa sababu ndio msaada mkubwa kwa watoto wetu. Katika ziwa Tanganyika wako samaki wa aina mbili, wembamba, weupe kama fedha. Watanzania huwaita dagaa. Upande wa Burundi na Kalemie utasikia ndagala au ndakala. Wazambia husema kapenta. Mmoja wa hao wawili, ambaye wavuvi humtenga kwa jina la lumbu, alichukuliwa kati ya mwaka 1958 na 1960 akatiwa katika ziwa Kivu, na huko akapata jina jipya, sambaza. Mwaka 1967 na 1968 alipelekwa pia katika ziwa Kariba, na huko ni kapenta. Basi mtu wa Bukavu asemaye sambaza na mtu wa Siavonga asemaye kapenta wanasema habari za samaki yule yule, nao wangeweza kubishana siku nzima.

Tena wako dagaa wa Mwanza, ambao hufika mpaka huku kwetu katika magunia. Hao jina ni moja na wale wa Kigoma, lakini ukoo ni mwingine kabisa. Wa Mwanza ni wa jamaa moja na kapu, yule samaki wa kufugwa, na wale wa Tanganyika ni jamaa ya sardini. Wakenya wa ziwani huwaita omena, na Waganda mukene.

Kwa chungu cha mama, tofauti hiyo haina neno. Wote ni wema, maana huliwa wazima, kichwa na mifupa, na humo mtoto anapata protini ya kujenga mwili, chokaa ya mifupa, na chuma ya damu. Mtoto aliyetimiza miezi 6 aweza kuanza kupewa. Chukua waliokauka vizuri, ondoa mchanga, waponde kinuni mpaka wawe unga laini, chekecha, na tia kijiko katika uji au katika sombe yake, uchemshe pamoja. Mtoto aliyekwisha kuvimba miguu na nywele zake kugeuka rangi, huyo mlete hospitali kwanza, usimtibu kwa samaki nyumbani; yeye ana maziwa yake maalum, na chakula kingine chaja baadaye kwa mpango.

Katika hao wadogo, basi, ubaya wa majina ni kumfanya mama akose kitu kizuri kilicho mbele ya macho yake. Sasa kuna mahali ambapo jina humfanya mgonjwa ale kitu kibaya akidhani ametii.

Fikiri mtu mwenye tansio, yaani presha ya damu. Ameambiwa, "Acha makayabu." Naye ni mtiifu, ameacha. Lakini mkewe ni wa Ituri, na kwao samaki wa chumvi huitwa bitoyo. Basi mzee anakula bitoyo kila jioni na bukari, na moyo wake umetulia, maana hakuna aliyemkataza bitoyo. Angekuwa Unguja angekula ng'onda, naye hakuna aliyemkataza ng'onda. Samaki mwenyewe aweza kuwa wa namna nyingine, ila chumvi ni ile ile. Samaki mkubwa wa baharini aliyehifadhiwa kwa chumvi, kabla ya kulowekwa, aweza kuwa na chumvi karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wake. Na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Kumloweka usiku na kubadili maji kunapunguza chumvi, hakuiondoi yote. Mwenye tansio ni heri amwache kabisa.

Msidhani kwamba wadogo hawahusiki. Kapenta wengine hutiwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na wengine huanikwa vivi hivi. Jina halitakuambia. Ulimi utakuambia: mwombe mwuzaji mmoja, mguse kwa ncha ya ulimi kabla ya kulipa. Mama wa soko atacheka, lakini hatakukataza.

Majina mengine ni ya kuchekesha zaidi kuliko kudhuru. Mtu wa Mombasa akikuambia jana alikula papa, usikimbie. Kwao papa ni samaki mkubwa wa baharini mwenye meno makali. Mganda akisema mamba, hasemi mnyama yule wa mtoni ambaye wenzetu wa Kasai humwita ngandu. Anasema samaki mrefu mwenye mapafu, ambaye Wakenya humwita kamongo. Huko Buganda uko ukoo mkubwa wenye jina lake, na watu wa ukoo huo hawamli. Kambale ni samaki mwenye masharubu, asiye na magamba, na waliotoka Kinshasa humwita ngolo. Lakini Wanande wa Butembo humpa mtoto wao wa kiume wa pili jina Kambale, wala hawamfananishi na samaki. Hata tilapia, jina ambalo twadhani ni la kitaalamu hasa, husemwa kwamba limetoka katika neno la Kitswana ambalo maana yake ni "samaki" tu! Na yule tuliyezoea kumwita kapiteni ndiye sangara wa Mwanza na mbuta wa Wakenya, lakini ukifika bahari ya Afrika ya magharibi utauziwa kapiteni mwingine asiye ndugu yake. Wenzetu Waadventista, ambao hushika sheria ya magamba na mapezi iliyo katika Mambo ya Walawi 11, yawapasa kuwa waangalifu kuliko sisi, hasa samaki akiisha kukatwa vipande na kuchunwa ngozi.

Sasa nataka mwangalie sana habari ya samaki wa barafu anayeitwa Thomson. Waliotoka Kinshasa humwita pia mpiodi. Juu ya sanduku lake pengine imeandikwa chinchard kwa Kifaransa. Hutoka baharini, na wengi wao huvuliwa Namibia. Ni chakula kizuri na bei yake si ya kuumiza. Lakini yeye, na jamaa zake kama jodari na vibua wa pwani, wana tabia moja ambayo tilapia na kambale hawana kwa kiasi hicho. Barafu ikiyeyuka, naye akikaa katika joto la jua saa kadhaa, vijidudu hugeuza kitu kilicho katika nyama yake kuwa sumu iitwayo histamini. Sumu hiyo haionekani, na mara nyingine samaki hata hanuki. Tena haifi kwa moto. Umkaange mpaka awe mweusi, umchemshe, umtie moshi, sumu ipo. Kumrudisha katika barafu hakumtengenezi.

Aliyemla hupata alama upesi, pengine kabla ya kuondoka mezani, pengine baada ya saa moja: uso na shingo huwa moto na vyekundu, mwili unawasha, kichwa chagonga, moyo waenda mbio, wengine hutapika na kuhara. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, lakini yeye mwenyewe ausikia moto. Na hapo ndipo baya lingine linapoingia. Wengi wakiona hivyo husema, "Wamenitilia sumu," na jina la jirani au la mke mwenza hutajwa hata kabla ya jina la samaki. Jamaa zimevunjika kwa neno kama hilo. Uliza kwanza: mlikula nini, na samaki yule alikaa wapi tangu asubuhi? Kama wote waliokula sahani ile wameshikwa pamoja, mshukieni samaki.

Ugonjwa huu kwa kawaida hupita katika siku moja, na dawa iko hospitali. Akianza kuhema kwa shida au kuzimia, msingoje, mkimbizeni. Aliyepona aweza kula Thomson mzuri siku nyingine. Hiyo ndiyo tofauti yake na mtu ambaye mwili wake unakataa samaki fulani, hata akiwa amevuliwa sasa hivi. Huyo asimguse tena, na yampasa ajue majina yote ya samaki wake, la sivyo atauziwa yule yule kwa jina jingine.

Liko neno la mwisho, nalo ni zito kwetu tunaokaa kwenye migodi. Jina la samaki, hata liwe sahihi, halisemi alikunywa maji gani. Tilapia wa Bukama na tilapia wa kijito kinachopita chini ya kiwanda ni ndugu kwa sura. Lakini Musonoi na Luilu hupita katika nchi ya migodi, na maji yao hushukia Lualaba. Karibu na Likasi, katika ziwa Tshangalele, wachunguzi wamepima samaki wakaona madini mazito ndani yao. Mwaka 2009 wachunguzi wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo wao. Kobalti hiyo haitoki katika samaki peke yake. Vumbi na udongo navyo huileta. Lakini chakula ni mlango mmoja, na mlango huo mna uwezo wa kuufunga kidogo.

Madini hayaondoki kwa kupika. Hukaa zaidi katika matumbo, ini, figo na matamvua kuliko katika mnofu. Kwa hiyo samaki wa maji yetu mpasue, utupe vya ndani vyote na matamvua, umwoshe kwa maji safi. Na hapa lile shauri la kuwala wadogo wazima hugeuka: ni jema kwa wale wa Tanganyika, si jema kwa vidogo vinavyovuliwa na watoto katika vijito vya mgodi, kwa sababu huliwa pamoja na matumbo. Madini ya risasi hudhuru akili ya mtoto mdogo hata kwa kiasi kidogo, na mtoto aliye tumboni pia. Samaki anayeelea amekufa, usimwokote kamwe, hata akiwa mnono. Mwezi wa Februari 2025 ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi ulibomoka huko Chambishi, Zambia, maji ya asidi yakaingia katika Kafue, na samaki walikufa kwa wingi mtoni.

Basi mama akiuliza sokoni, asiulize jina tu. Aulize, "Ametoka maji gani? Amekaushwa kwa jua, kwa moshi, au kwa chumvi? Barafu yake iliyeyuka lini?" Na ukiagizwa samaki hospitalini, usione haya kumwambia muuguzi, "Sisi kwetu tunamwitaje huyo?" Akikuonyesha urefu wake kwa kidole na rangi yake, mtaelewana.

Na ikiwa mmekula na kuugua, msitupe mabaki. Leteni kichwa na mkia katika mfuko, na kipande cha karatasi ya sanduku kama kipo. Kichwa chenye masharubu, au ule mstari mgumu wa magamba kama msumeno kuelekea mkia wa Thomson, hutuambia upesi kuliko majina matano.