Barua moja mkononi inapita afishi mia ukutani



Wakati wa mavuno yaliyopita, mama mmoja mwenye restora alifika kwenye ofisi yetu hapa Kasenga asubuhi sana, hata hatujafungua madirisha. Mkono mmoja ulishika karatasi, ile barua tulimpelekea wiki mbili mbele. Mkono mwingine ulikuwa umefungwa. Aliweka barua juu ya meza, akafungua mkono, na mawe madogo yakaanguka juu ya barua. Tuliyahesabu: saba.

"Munaandika hapa ‘mchele safi, hauna mawe’," akasema. "Na hii njo nini?"

Tutarudi kwake. Lakini kwanza tueleze ile karatasi ilitoka wapi, juu wengi wenu munatuuliza kwenye mikutano: sisi tunalima, karatasi zinatuhusu nini? Na sasa komite zinataka kukata kitu kidogo juu ya kila saki kwa kulipa kazi ya kuchapa. Ni franka zenu. Ni haki yenu kujua zinaenda wapi.

Tuanze na makosa yetu wenyewe. Mara ya kwanza tulichapisha afishi kubwa za rangi. Zilikuwa na picha ya shamba, alama za mradi pande zote, na maneno ya Kifaransa yenye yalipendeza ofisini. Tukazibandika Kavimvira karibu na mpaka, kwenye soko la Mulongwe, na kule chini kwenye bandari ya Kalundu. Mvua ilinyesha siku chache nyuma yake. Wino ukashuka kama machozi. Namba ya simu iliyokuwa chini ilikuwa ya mwenzetu mmoja, naye akabadilisha mtandao mbele ya mwezi kuisha. Mtu mmoja tu ndiye alituita juu ya zile afishi, na alitaka kujua kama tunatoa kazi.

Afishi inaongea na kila mtu mwenye anapita, na wengi wao hawanunui mchele kwa saki: ni mwanafunzi, ni mwenye pikipiki, ni mama anayenunua gigozi mbili za kula leo. Sisi tulikuwa tunatafuta watu wachache sana: wenye depo, wenye restora, wasimamizi wa shule zenye watoto wanalala, wale wanaopeleka chakula Bukavu na Kalemie. Watu hao unaweza kuwaandika majina yao kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Sasa kama majina unayo, kwa nini uongee na ukuta?

Angalieni mchele wenu unavyosafiri. Unatoka Kiliba, Sange, Luberizi, unaingia ndani ya saki ya zamani yenye iliandikwa jina la sukari ya watu wengine au la mchele uliotoka ng'ambo ya bahari. Unapanda lori, unapita Luvungi na Kamanyola, unapanda milima mpaka Bukavu. Mwenye kuupika kule akiupenda, atamutafuta nani? Atarudi kwa mwenye depo. Na mwenye depo naye anajua paka yule mufanyabiashara aliyemuletea. Jina la mukulima liliishia kwenye barabara. Njo maana mwaka unaofuata bei inapangwa na yule wa katikati: yeye peke yake anajua pande zote mbili.

Watu wengine waliliona jambo hili zamani. Wamama wanaovaa leso watatuelewa haraka: kuna nguo za Mombasa zenye zinachapwa kwenye ukingo maneno "Mali ya Abdulla". Ni alama ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza biashara kule mwaka 1887. Nguo ilivuka bahari, ikaingia bara, ikavaliwa na watu ambao hawajaona Mombasa hata siku moja, lakini jina lilikuwa limechapwa juu yake, nalo likafika kila mahali nguo ilipofika. Mchele hauwezi kuchapwa. Saki inaweza.

Mufano wa pili unagusa koperative moja kwa moja. Huko Marekani kulikuwa mutu mwenye kuzunguka vijijini akiuza vitu, jina lake Aaron Montgomery Ward. Aliona wakulima wanauziwa vitu kwa bei kali na maduka ya pale karibu. Akaanza kukusanya bidhaa mjini Chicago, na moto mkubwa wa mwaka 1871 ukaziteketeza. Mwaka 1872 akaanza tena na karatasi moja tu: orodha ya vitu na bei zao. Hakuibandika kwenye ukuta. Aliituma kwa wanachama wa Grange, chama cha wakulima cha inchi ile, juu walikuwa wamejiandikisha tayari na walizoea kununua pamoja. Miaka mitatu nyuma yake akaongeza ahadi ya kuandikwa: asiyeridhika na kitu, arudishiwe pesa. Ile karatasi moja ikawa kitabu kikubwa, na biashara yake ikadumu miaka zaidi ya mia. Tunaona mambo mawili ndani ya habari ile. Alijua anamwandikia nani. Na aliandika ahadi yenye iliweza kumurudia.

Kuko tofauti kubwa kati yake na sisi, bila shaka. Yeye alikuwa na posta. Kwetu hakuna mutu wa posta mwenye anapiga hodi mlangoni na barua. Lakini tusiseme hatuna njia. Munatuma dawa, vitambulisho na mafranka ya shule kila wiki kwa madereva wa Bukavu na kwa mabaharia wa Kalundu. Barua ndani ya bahasha ngumu, yenye jina la mutu na jina la depo, inafika. Tulitumia dereva wa lori, wenye pikipiki, na muuguzi mmoja aliyekuwa anaenda Baraka. Zingine tulizipeleka sisi wenyewe kwa miguu, na hizo ndizo zilijibiwa zaidi, juu mutu akikupa barua mkononi ni vigumu usimupe hata kiti.

Ile barua ilikuwa hivi. Karatasi moja, upande mmoja, rangi moja nyeusi. Juu, jina la mnunuzi limeandikwa na mkono, kwa kalamu: "Mama mwenye restora ya karibu na soko, jambo." Hapo chini, Kiswahili cha kawaida: sisi ni nani, tunalima wapi, tunavuna mwezi gani, tuko na saki ngapi, uzito wake kilo ngapi. Maneno mawili ya Kifaransa kwa wale wasimamizi wa shule wenye kupenda Kifaransa. Namba mbili za simu, za mitandao miwili tofauti, na jina la mutu atakayejibu. Bei hatukuichapa. Tuliacha nafasi, tukaiandika na kalamu pamoja na siku yenye itaisha. Bei ya mchele haingoji karatasi, na dola nayo haingoji franka. Ndani ya bahasha tuliweka mfuko mdogo wa mchele, wa kutosha kupika sahani moja.

Ule mfuko mdogo ulifanya kazi kuliko maneno yetu yote. Mwenye depo anaweza kukataa kusoma. Hawezi kukataa kumwaga mchele kwenye kiganja na kuupuliza.

Kila barua tuliipa alama ndogo kwenye pembe ya chini: K kwa zile za Kalundu, B kwa za Bukavu, M kwa zile tulizozigawa kwa miguu. Mutu akipiga simu tunamuuliza, "Mama, kwenye pembe ya chini munaona herufi gani?" Anacheka, anasema. Tunaiandika kwenye daftari. Ni kwa njia hiyo tu tulijua barua za B hazikuleta kitu. Dereva alizipeleka vizuri, lakini sisi tulikuwa tumewaandikia watu wa kuuza sementi. Orodha ya majina ilikuwa mbaya. Tuliiiga kwa mutu mwingine bila kuuliza mutu yeyote wa soko. Msimu huu majina ya Bukavu yatatoka kwa wamama wenye kusafiri kule, na ndugu zetu wa ofisi hawataligusa lile daftari.

Jambo la kuchapa nalo lina siri zake. Karatasi inayotoka kwenye mashine ndogo ya wino wa maji inaoza na mvua ya kwanza. Ya fotokopi, ile ya wino wa unga, inavumilia maji. Barua 60 za fotokopi pamoja na bahasha hazikufika bei ya nusu saki ya mchele. Zile afishi za rangi tunaona haya kusema zilikula ngapi. Kwa saki, hatukuhitaji emprimeri: tulikata herufi kwenye plastiki ya bidoni ya zamani, tukaiweka juu ya saki mupya na kupitisha rangi ya mafuta kwa sponji. Herufi za kwanza zilikuwa zimepinda kama mulevi. Za kumi zilinyooka.

Na muangalie sheria. Tangu 2012 inchi yetu imo ndani ya OHADA, na sheria yake ya koperative inataka barua, faktire na matangazo yetu yaonyeshe jina kamili la koperative, aina yake, yaani SCOOPS ama COOP-CA, mahali ofisi iko, na namba ya kuandikishwa. Koperative nyingi ziko na kashe nzuri yenye duara mbili, lakini namba ya kuandikishwa haijulikani iko wapi. Prezida anasema iko kwa sekretere, sekretere anasema iko kwa prezida. Muitafute mbele ya kuchapa. Shule na ospitali zinaiuliza, juu bila faktire yenye namba musimamizi wao hawezi kulipa saki 20 hata kama mchele umemupendeza.

Sasa turudi kwa mama na mawe saba.

Tulikaa kimya, tukatazamana. Mmoja wetu alianza kueleza mambo ya mashine ya kukoboa, kwamba uwanja wa kuanikia haujatiwa sementi. Mama akamukatiza: "Mimi sikununua uwanja." Alikuwa na haki. Mteja wake mmoja alikuwa ameuma jiwe mbele ya watu, akaacha sahani, akaenda zake bila kulipa. Tukapigia komite simu. Siku ileile walimuletea saki nyingine, wakapepeta mbele yake, na ile ya kwanza wakairudisha bila kumudai kitu. Kwenye mkutano kulikuwa maneno makali sana. Baba mmoja alisema karatasi ndiyo ilituletea shida: kama tusingeandika "hauna mawe", yule mama angekuja kutudai nini?

Tulifikiri sana juu ya neno lake, juu si neno la mujinga. Ni kweli, karatasi inashuhudia dhidi yako. Maneno ya mdomo unaweza kuyakana. Lakini tuliuliza yule mama: miaka yote ile ukipata mawe kwenye mchele wa soko, ulifanya nini? Akajibu: "Nilihama tu. Ningemurudishia nani?" Wangapi walituhama hivyo, na hatukujua kwamba walikuwa wanunuzi wetu? Yeye alirudi sababu karatasi ilimwonyesha mlango. Anaendelea kununua. Ile barua ameitundika karibu na jiko, imejaa moshi na mafuta, na watu wawili walinakili namba yetu kutoka pale.

Tangu siku hiyo wanachama wa kikundi kimoja wameamua kuanika juu ya bashi tu, na kila saki ina namba ya nyumba ilikotoka, imeandikwa ndani kwenye kipande cha katoni. Hatukuwaomba. Waliona haya ya wenzao.

Kuhusu pesa, hatutaficha: hatuna uhakika kwamba kila koperative itapata faida msimu wa kwanza. Wenye saki chache na wanunuzi waliozoeana nao miaka mingi, pengine hawahitaji barua. Wauze tu. Na yule mwenye hawezi kutoa saki zenye uzito mmoja, asiandike uzito kwanza, anunue mizani. Lakini wale wanaouza kwa mutu mumoja tu, kila mwaka, kwa bei yenye yeye anataja, hao wapige hesabu ya nusu saki.

Kalenda pia inaombwa na wengi, ile ya ukutani ya mwaka muzima. Tunaipenda, juu inakaa kwa mnunuzi miezi 12, na tunaweza kuonyesha juu yake miezi ya mavuno ya msimu A na msimu B. Inahitaji pesa zaidi, kwa hiyo tumeiacha mpaka koperative tatu ao ine zikubali kuchangia karatasi moja.

Kwa sasa tunaomba hivi. Mbele ya mukutano wenu mkuu, kila mwanachama alete majina matatu ya watu wanaonunua kwa saki: jina, mahali, kitu wanachonunua, na siku wanayokuja sokoni. Musituletee majina ya wakubwa wa ofisi. Wasiojua kuandika wamwambie mutoto, ama wapite Kasenga asubuhi, tutaandika pamoja. Na kila kikundi kilete kilo mbili za mchele uliopepetwa, za kujaza mifuko midogo. Tutazimwaga juu ya meza ileile na kuzitazama pamoja mbele ya kufunga bahasha.