Herufi za Kung'aa Usiku kwenye Boti ya Mpira

Wale wetu tunaokaa Budalang'i kando ya Nzoia, au kule chini kwenye Mto Tana, tunajua mafuriko hayangoji kupambazuke. Aprili 2024 boti ilipinduka katika mafuriko ya Tana karibu na Garissa na watu wakapoteza maisha. Msimu kama huo ukifika, kikundi chenye boti ya mpira, ile ya kujazwa upepo, huitwa na kila kijiji. Lakini boti nyingi hazina maandishi yoyote ubavuni, au zilikuwa nayo yakabanduka mwaka wa kwanza.

Kabla ya kuuliza gundi, kubalianeni mtaandika nini. Jina la kikundi au kijiji liwe fupi, pande zote mbili, pamoja na nambari ya boti ikiwa imesajiliwa. Halafu liko jambo ambalo vikundi husahau, nalo tunaliona kubwa kuliko jina: idadi ya watu. Kila boti ya kiwandani huwa na kibao kidogo kinachosema inabeba watu wangapi na uzito gani. Kibao hicho hakuna anayekisoma maji yakiwa kiunoni. Kikiandikwa kwa herufi kubwa WATU 8, nahodha ana kitu cha kuonyesha kwa kidole watu wakianza kusukumana. Haitoshi kumwambia tu awe mkali.

Rangi ya mafuta, ile ya milango, haifai. Boti ikijazwa hutanuka, ikitolewa upepo na kukunjwa rangi hupasuka kama udongo wa kiangazi. Stika za kawaida nazo hubanduka, kwa sababu mpira hutanuka na kunywea kwa joto na stika haifuati.

Sasa reflekta. Si kila reflekta ni sawa. Zile za nyuma ya lori ni ngumu, zitavunjika kwenye mikunjo. Zile za kitambaa kwenye jaketi za bodaboda ni laini, lakini nyingi hupoteza mng'ao zikilowa, maana vipunje vyake vya kioo viko wazi na maji huvifunika. Ya kutafuta ni mkanda wa vifaa vya kuokolea majini, wa fedha, ambao vipunje vyake vimefunikwa. Muuzaji huuita SOLAS. Upo wa kubandika mahali pagumu na upo wa mahali pa kujikunja, basi sema wazi unataka wa kujikunja. Kabla ya kulipa, chovya kipande majini, ingia chumba chenye giza, umulike. Shika tochi karibu na jicho, si kiunoni, kwa sababu mwanga hurudi ulikotoka. Ndiyo maana tochi ya kichwani ni nzuri sana kwa kazi ya kutafuta boti.

Jihadharini na rangi. Mkanda wa fedha juu ya boti ya kijivu hauonekani mchana hata kidogo. Kateni kwanza kipande cheusi cha mpira au PVC, kikubwa kuliko herufi, mbandike fedha juu yake.

Gundi inategemea boti imetengenezwa na nini. Sugua kidogo kwa msasa mahali palipojificha. Ikitoa unga mkavu kama vumbi la chaki, huenda ni mpira wa aina ya Hypalon, na gundi yake ni ya neopreni. Ikibaki na mikwaruzo inayong'aa bila unga, ni PVC, yataka gundi ya poliyurethani. Zote mbili ziwe za kuchanganya makopo mawili. Gundi ya viatu ya sokoni itawaaibisha. Nunueni makopo madogo, kwa kuwa iliyochanganywa huganda baada ya saa chache, na kopo lililofunguliwa huharibiwa na unyevu. Kwa boti ya PVC, mabaki ya turubai la lori kwa mafundi wa jua kali yanafaa kwa vipande vya chini, mradi ni turubai la PVC na mmejaribu kipande kimoja kwanza.

Fanyeni kazi siku kavu, kivulini, penye upepo. Mvuke wa gundi na asetoni hushika moto, basi sigara na jiko vikae mbali, na watoto pia. Jazeni boti mpaka iwe ngumu kama ikiwa majini. Chora mstari juu kidogo ya katikati ya mfuko wa hewa, mahali pasiposuguliwa na ukingo, mbali na vali na mishono. Herufi ziwe na kimo cha sentimita 15 hivi na unene wa sentimita 3. Kila herufi peke yake, si ukanda mmoja mrefu, na kila pembe ikatwe mviringo, kwa kuwa ncha kali ndiyo huanza kuinuka.

Oshani kwa sabuni, acheni pakauke, kisha pangusani kwa asetoni na kitambaa safi. Hypalon isuguliwe kwa msasa kwanza, PVC isisuguliwe. Pakani gundi nyembamba pande zote mbili, ikauke, pakani tena. Ukigusa kwa mgongo wa kidole ikinata bila kushika, bandika kuanzia katikati kwenda nje, ukikandamiza kwa mgongo wa kijiko. Mtu mmoja ashike, mwingine akandamize. Muda wa kungojea fuateni maandishi ya kopo, na msikunje boti kabla ya siku nzima kupita.

Kila baada ya msimu mulikeni boti usiku kutoka hatua 100. Herufi iliyoinuka pembeni ifunguliwe, mchanga utolewe, ibandikwe upya kabla boti haijarudi majini.