Je, Wajua? Wasichana wa Vitunguu

Ukitaja vikundi vya wasichana waimbaji wa Japani, wengi hukimbilia AKB48 ya Tokyo. Mimi moyo wangu uko Niigata, kwa Negicco. Kundi hili liliundwa mwaka 2003 kutangaza vitunguu majani vya mkoa huo, na lilikusudiwa kudumu mwezi mmoja tu! Kampeni ikaisha, wao wakaendelea kuimba. Ukumbini mashabiki hupunga taa zenye umbo la kitunguu majani. Waimbaji wote watatu waliolewa bila kundi kuvunjika, jambo adimu katika fani ambayo mara nyingi humkataza msichana hata kuwa na mpenzi. Na umri je, nao ni kikwazo? La! Kisiwani Kohama, Okinawa, kundi la KBG84 lilitaka waimbaji waliotimiza miaka 80.